Ndege Hapandi kwa Mstari

Nzioka alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimeketi kitandani na kiatu kimoja mguuni, nikijaribu kukumbuka kile cha pili nilikiweka wapi. Ilikuwa siku ya nne tangu Shangazi Kalekye afariki, na katika siku hizo nilikuwa nimepika, nimepiga simu, nimepokea simu, nimelia kidogo na kulala kidogo zaidi. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo mtu akikuuliza jina lako unafikiri kwanza. "Dada," akasema, na nyuma yake nikasikia sururu zikigonga na vijana wakibishana, "tumeanza kuchimba pale alisema mwenyewe, kwa mipera. Lakini tumefika kiunoni tumepata mizizi. Mingi, dada, imefumana kama kiondo. Wanauliza, tukate ama tusogee pale kwa mahindi?" Nikamwambia angoje. "Ningoje mpaka saa ngapi na mazishi ni kesho?" Ngoja tu, nikasema, nakupigia sasa hivi. Nikaiweka simu juu ya blanketi. Lilikuwa swali dogo, la jembe na mizizi, na mtu mwingine yeyote wa ukoo wetu angelijibu papo hapo. Lakini lile pengo alilokuwa akichimba Nzioka nililitengeneza mimi kwa mikono hii, mwaka ule watu walipokuwa wakisema dunia haitaifikia elfu mbili. Nzioka alikuwa mdogo mno kulijua hilo, na mimi sikuwahi kumweleza mtu.

Nilienda kwa shangazi Januari ya mwaka huo, nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo. Alikuwa akiishi mwisho wa shamba la babu, upande unaoteremkia mto wa mchanga, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka soko la Masii. Alikuwa na chumba kimoja cha matofali, na jiko lililojitenga hatua chache, limeezekwa mabati yaliyotobolewa na kutu. Chumbani mlikuwa na kitanda, sanduku la bati alilorudi nalo kutoka kwenye ndoa yake, meza yenye kitambaa cha kufuma, na kalenda ya miaka mitatu nyuma ambayo hakutaka kuiondoa kwa sababu picha yake ilikuwa ya maporomoko ya maji. "Siangaliangi tarehe," aliniambia, "naangalia maji." Nililala kwenye godoro chini ya picha hiyo. Usiku wa kwanza sikuuona uzuri wake, lakini kufikia Agosti, tulipokuwa tukifukua mchanga wa mto hadi mabegani kabla ya kupata maji ya kujaza mtungi mmoja, nilikuwa nikiamka na kuitazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama chungu cha jirani.

Jikoni ndiko tulikoishi. Mawe matatu, moshi, kuta nyeusi zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, na harufu ya muthokoi uliokuwa ukitokota tangu asubuhi. Shangazi alikuwa akitwanga mahindi yake mwenyewe mpaka maganda yote yatoke, akayachanganya na mbaazi, akakoleza kwa kitunguu kimoja kilichokatwa vipande vyembamba hivi kwamba ungedhani ni vitatu. Wakati chungu kinachemka alifuma kiondo. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe, macho yake yako mlangoni, na hapo ndipo aliponisimulia mambo, kwa vipande, bila kunitazama. Sikumuuliza aliachana vipi na mumewe, wala hakunieleza. Alichonieleza ni sheria ya kuishi pale. Kaka yake mkubwa, Baba Mkubwa Musembi, ndiye aliyekuwa amerithi usimamizi wa shamba, na shangazi aliporudi alimwonyesha kile kipande cha mteremko akamwambia: lima mahindi, lima kunde, lima mbaazi, lakini mti, hapana. "Unaelewa kwa nini?" akaniuliza. Nikasema labda kivuli kinaharibu mahindi. Akacheka mpaka uzi ukamponyoka. "Mwaitu! Na umesoma hivyo vyote. Mahindi ni mgeni, Mwikali. Anakuja na mvua, anaenda na mvua. Mti ni mwenyeji. Ukiona mtu amepanda mti, jua amesema haendi popote."

Kwa Wakamba wa upande ule hilo halikuhitaji kuandikwa mahali. Mtu aliyeazimwa shamba angeweza kulilima miaka ishirini akazeekea hapo, lakini siku atakayopanda mwembe au mchungwa, wenye shamba wangejua kwamba ameacha kuazima. Na dada aliyerudi kutoka kwenye ndoa alikuwa, kwa namna fulani ambayo hakuna aliyeisema kwa sauti, mtu aliyeazima mahali alipozaliwa. Lakini shangazi alikuwa amegundua mwanya. Ulikuwepo mti mmoja ambao haukuhesabiwa. Mipera iliota kando ya vijia, nyuma ya vyoo, kwenye mianya ya mawe, popote ndege alipotua au mtoto alipochuchumaa baada ya kujaza tumbo mapera ya jirani. Hakuna mzee aliyewahi kuitwa kuamua kesi ya mpera. "Mpera haupandwi na mtu," alisema, "hupandwa na ndege na watoto wasio na adabu." Kisha akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko, akainua gunia kuukuu. Chini yake kulikuwa na pakiti za maziwa kumi na moja zilizojazwa udongo na samadi, na katika kila pakiti mche wa mpera wenye urefu wa kiganja, majani yake mabichi yakiwa na wekundu pembeni. Alizitoa mbegu katika pera moja alilonunua Masii, akazisuuza, akazianika juu ya gazeti, akazilea tangu mvua ya Novemba. Lilikuwa pera jekundu ndani. Alikumbuka hata sura ya mama aliyemuuzia.

"Mvua ya Aprili ikija," akasema, "tutawasaidia ndege kidogo."

Matokeo yalitoka kabla ya mvua. Nilitembea hadi shuleni kuyachukua nikarudi nayo kwenye bahasha. Shangazi hakuniuliza, aliona nilivyovua viatu. Alama hazikutosha chuo kikuu. Alinipakulia, akakaa karibu nami, akasema, "Kula kwanza, kufeli hakuondoi njaa," na hayo ndiyo yote yaliyowahi kusemwa kuhusu jambo hilo nyumbani kwake. Lakini ndani yangu kulibaki kitu kilichotaka kuonyesha kwamba najua kitu. Najua sasa, nikiwa na umri aliokuwa nao wakati ule, kwamba kosa langu la Aprili lilitoka humo.

Mvua ilianza siku ya soko. Shangazi alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kuuza viondo Masii, na saa nne wingu likafunguka kana kwamba mtu amemwaga beseni. Ilinyesha saa moja, ikakatika, na udongo ukabaki mwekundu, laini, ukitoa mvuke. Nikawaza: akirudi akute kazi imekwisha. Kidato cha tatu nilikuwa nimepata alama za juu kabisa katika somo la kilimo, na mwalimu wetu alikuwa mtu wa vipimo. Alituambia mkulima asiyepanda kwa mstari ni kama karani asiyejua kuhesabu. Nikachukua katani za shangazi, nikazisokota zikawa kamba ndefu, nikachonga vijiti, nikaivuta kamba kutoka pembeni mwa jiko kuteremka katikati ya mbaazi, ikakaza kama waya wa simu. Hatua nne, shimo. Hatua nne, shimo. Nilichimba kumi na moja, kila moja kina cha goti, nikatia samadi, nikapasua pakiti kwa wembe bila kugusa mizizi, nikashindilia kwa nyayo, nikatandaza nyasi kavu juu na kuacha mche ukichungulia. Nilipomaliza, nikasimama mlangoni pa jiko, nikafumba jicho moja. Mche wa kwanza uliifunika mingine kumi yote. Sijui kama nimewahi kufanya kitu kingine kwa unyoofu ule.

Shangazi alirudi saa kumi, kiondo kitupu kichwani, gauni limelowa hadi magotini. Nilimwongoza kwa mkono. Aliutazama mstari kutoka juu mpaka chini, akarudi kuutazama kutoka chini mpaka juu. "Umepanda vizuri," akasema. Akatua kiondo chini. "Umepanda vizuri mno." Akakaa juu ya jiwe la kufulia na viatu vyake vya mpira vyenye tope. Ndipo nikaelewa, na uso ukaniwaka. Nikasema nitaing'oa sasa hivi nipande upya, ovyo, kama ndege. Akatikisa kichwa. "Mche haupandwi mara mbili siku moja. Utauua. Na mvua hii siiamini." Kisha, kwa sauti ya mtu anayejisemesha: "Mbaazi ni ndefu. Zitaficha mpaka zivunwe. Kufikia hapo Mungu atakuwa amefikiria kitu." Aliniambia niende nikabandike chai. Hakunigombeza siku hiyo wala siku nyingine. Ningependa angenigombeza, ningelimaliza deni lile jioni ileile, badala ya kulibeba miaka yote hii kama mtungi uliotoboka.

Hakukosea kuhusu mvua. Ilinyesha mara tatu tena, ikaondoka. Mahindi yakafika magotini, yakakunja majani yake kama mikono ya mtu anayesali, yakafa hivyo. Punda wa majirani walikwenda mtoni na kurudi siku nzima, mitungi ikigongana ubavuni mwao. Kwetu hakukuwa na punda, kulikuwa na mgongo wangu na wa shangazi. Kumwagilia mti maji safi mwaka ule kungekuwa dhambi, kwa hiyo shangazi alitafuta maji ambayo tayari yalikuwa yametumika. Maji ya kuoshea nafaka yalikuwa ya mche wa kwanza na wa pili. Ya kuogea, karai nusu kwa watu wawili, yalikwenda kwa wa tatu. Na kwa ile mingine nane alianzisha desturi ambayo sijaiona kwingine. Kila mgeni aliyekuja kula, na kwetu kila aliyepita alikula hata kama ni vijiko vitatu, alipelekwa pamoja na jagi hadi katikati ya mbaazi akanawie juu ya nyasi kavu. "Nawia huku, hapo mlangoni nitapata matope," alikuwa akisema. Jirani mmoja alimwambia, "Matope gani, Kalekye, na hata mate hatuna?" Lakini alinawa. Wote walinawa. Kabla ya kula na baada ya kula, mtu mmoja mche mmoja, na shangazi alikumbuka nani alinawia wapi ili asirudie. Wiki ambayo hatukupata wageni alikuwa akisimama njiani kuwaita watu.

Jumapili, baada ya kanisa, alikuja Baba Mkubwa Musembi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kukohoa kabla ya kusema. Alinawia kwenye mche wa nne kila Jumapili kuanzia Mei hadi Agosti. Alisimama pale, mikono imenyooshwa, nikimmiminia, na alikuwa akitazama mbali, ng'ambo ya mto, kama mtu anayehesabu mbuzi wa watu wengine. Nimejiuliza mara nyingi kama hakuona. Nyasi zilikuwa kavu, lakini kufikia Julai mche wa nne ulikuwa umemfikia gotini. Labda mtu anaweza kuchagua kutoona kitu mpaka mwingine amwonyeshe. Mkewe, Mama Nzioka, alikuwa na ulimi wa kuchekesha na kuchoma kwa wakati mmoja. Jumapili moja alikuja naye, akakuta shangazi akitandaza samadi kando ya jiko. "Wifi, unalima nini na mhubiri amesema Desemba dunia inaisha?" Shangazi akajibu bila kuinua kichwa, "Ikiisha nitaacha, wifi. Haitanikuta nimeketi." Mama Nzioka akacheka mpaka akashika ukuta. Walipendana, wale wawili, kwa namna ya majirani wanaojuana udhaifu. Sitaki asomaye hapa amdhanie mtu mbaya.

Mbaazi zilivunwa mwishoni mwa Agosti. Tulizipura uani, punje zikaruka hadi ndani ya chai, na kilichobaki shambani kilikuwa miti mikavu ya mbaazi. Shangazi alisema tuiache isimame. Lakini kuni zilikuwa haba, na kwa desturi miti ya mbaazi ya dada ni kuni za nyumba ya kaka. Mama Nzioka alikuja na panga na kamba siku tuliyokuwa mtoni. Tulipopanda mteremko na mitungi migongoni tulimkuta amesimama mlangoni pa jiko, mzigo wa kuni umelala chini, na nyuma yake shamba limekuwa wazi kama kichwa kilichonyolewa. Mipera kumi na mmoja, mibichi kabisa katika ardhi ile iliyoungua, ilikuwa imejipanga kutoka jikoni hadi chini. "Wifi," akasema, na hakucheka, "hii mipera imesimama kama watoto wa paredi."

Shangazi akatua mtungi. "Ni ndege," akasema.

"Ndege?" Mama Nzioka akafumba jicho moja, kama nilivyofanya mimi Aprili. "Basi hao ndege walipitia shule."

Baba Mkubwa alikuja jioni hiyo, akakohoa, akasema jambo limekuwa la ukoo. Nilikuwa jikoni, nikayasikia yote kupitia ukuta. Hakupaza sauti. Alisema hana ubaya na dada yake, lakini ana wana watatu na dada wanne, na akikubali mti wa mmoja hatakuwa na neno la kuwaambia wengine. Wazee watakuja Jumamosi. Wakisema mti umepandwa, itambidi shangazi aondoke kabla mvua ya Novemba haijaanza, na yeye mwenyewe atamtafutia chumba pale Masii sokoni. "Sokoni," shangazi akarudia. "Kaka, mimi nitazeekea nyuma ya duka?" Kikohozi. Kisha hatua zake zikienda. Aliporudi jikoni shangazi alikaa mahali pake, akachukua kiondo, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitazama vidole vyake akifuma. Nikamwambia nitasema ni mimi. "Utasema nini? Wewe ni mtoto wa nani? Uliishi kwa nani?" Akavuta uzi. "Nyamaza, mama. Koroga uji."

Wazee walikuja watatu, wakaketi chumbani kwa shangazi, wawili kitandani na mmoja kwenye sanduku, chini ya maporomoko ya maji. Aliyeongoza alikuwa Mzee Mbithi, mfupi, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata kwa joto lile. Kila mtu alijua macho yake yalikuwa na ukungu, na kila mtu alijua pia kwamba angeweza kumtambua mbuzi wake kwenye kilima cha ng'ambo. Shangazi alikuwa amepika muthokoi na kuchinja kuku wake wa mwisho. Na kabla ya kula alichukua jagi, kama kawaida, akatangulia kwenda kwenye mipera. Baba Mkubwa alisimama mlangoni, hajui aangalie wapi. Mzee Mbithi akaanza kutikisika kwa kicheko. "Kalekye! Hata leo?" Shangazi akasema, "Maji ni maji, mzee. Kesi haiyanywi, miti inayanywa." Basi wakanawa, wote watatu, kila mmoja juu ya mti wake, na Baba Mkubwa juu ya wa nne. Wakala. Nilisimama na jagi kando ya mlango. Walipomaliza, Mzee Mbithi akapangusa mdomo, akauliza swali lake.

"Kalekye. Nani alipanda?"

"Ni ndege, mzee."

"Mimi nimeishi na ndege miaka sabini. Ndege hapandi kwa mstari."

Wale wengine wakacheka. Niliona mkono wa shangazi ukitafuta kiondo ambacho hakikuwepo. Nikasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto, "Ni mimi." Baba Mkubwa akageuka. Nikaeleza yote: mvua, kamba ya katani, hatua nne, somo la kilimo. Nikasema shangazi alikuwa Masii. Sikusema habari za pakiti za maziwa, wala hakuna aliyeuliza. Mzee Mbithi alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akamwuliza Baba Mkubwa, "Musembi, wewe umenawa hapa mara ngapi?" Baba Mkubwa akakohoa. "Kila Jumapili." "Na wewe?" akamwuliza mzee wa sandukuni. "Mara mbili. Tatu." "Na mimi nilinawa Juni nikitoka matanga. Kwa hivyo huyu mtoto alipanda na sisi tukanyunyizia." Nje jogoo wa jirani aliwika saa mbaya. "Lakini sheria ni sheria. Uliopandwa utoke. Uliopandwa na ndege, hatuna neno. Mimi macho yangu iko na ukungu, lakini huu mstari nauona. Mtoto ataenda ang'oe, mmoja mmoja, mpaka mimi nisione mstari."

Mzee wa sandukuni akapinga: "Mbithi, hata ukibakisha miwili ni mstari."

"Miwili ni bahati," akasema Mzee Mbithi. "Lete kiti mlangoni."

Nilianza na wa pili. Haukutoka kwa urahisi. Miti ile ilikuwa imekunywa maji ya mikono ya watu miezi mitano, na ilishika. Nilichimba pembeni kwa jembe, nikalikumbatia shina, nikavuta. Nikaangalia mlangoni. "Bado," akasema Mzee Mbithi. Nikang'oa wa tano. "Bado naona." Nikang'oa wa sita, ule niliokuwa nikiupenda, uliokuwa umetoa ua moja jeupe kabla ya wakati wake. Baba Mkubwa alikuwa ametazama ng'ambo ya mto. Mama Nzioka alikuwa amejifunika kanga mdomoni. Shangazi alikaa juu ya jiwe la kufulia, mgongo kwangu. Nikang'oa wa nane. "Bado kidogo." Nikang'oa wa kumi, na nilipoinuka nilikuwa nikilia, kamasi na udongo usoni, na mstari, kwa yeyote mwenye macho, ulikuwa pale pale: sita iliyobaki, minyoofu kama kamba. Hata kipofu angeuona. Mzee Mbithi aliegemea mbele kwenye kiti chake, akakunja uso, akaangalia polepole kutoka jikoni mpaka chini na kurudi.

"Sasa sioni kitu," akasema. "Ni mapera tu ya ndege. Musembi, wewe unaona kitu?"

Baba Mkubwa akakohoa. "Hapana," akasema.

Wakavaa makoti yao wakaenda. Shangazi alikusanya ile mitano niliyoing'oa, akaichuma majani, akayachemsha kwa ajili ya kifua chake, na mashina akayaweka jikoni. Siku nne tulinywa chai iliyochemshwa kwa mashina yale. Hakuniambia asante wala pole. Siku ya nne, akitazama moto, alisema, "Ule wa tano na wa sita umeacha pengo zuri. Hapo mtu anaweza kulala akajinyoosha." Nilidhani anatania, na nilikuwa nimechoka mno kucheka. Novemba mvua ilikuja, ya kweli. Desemba dunia haikuisha. Januari nilipata nafasi ya chuo cha ualimu nikaondoka na sanduku langu, na sikuishi tena pale. Mipera ile sita ililisha watoto wa Nzioka na watoto wa njia nzima, na kila nilipokwenda kumwamkia shangazi nilipelekwa na jagi kunawia mti ambao haukuhitaji maji yangu tena.

Kiatu kilikuwa chini ya kitanda. Nilikivaa, nikampigia Nzioka. "Usisogee," nikamwambia. "Chimba hapo hapo. Mizizi ikate, lakini kwa panga, mmoja mmoja. Msiing'oe." Akauliza kama miti haitakufa. Nikamwambia mpera haufi hivyo.

Tulimzika siku iliyofuata, kati ya mti wa nne na wa saba, juani. Mama Nzioka, mzee sasa, haoni vizuri, aliletwa akiwa ameshikwa mikono miwili. Baada ya mazishi, watu walipoanza kutafuta chakula, yeye ndiye aliyeagiza jagi. "Nawieni huku," akawaambia waombolezaji, "mlangoni kuna matope." Hakukuwa na matope. Wengi hawakujua kwa nini walipangwa pale, kando ya mipera, watu mia na zaidi wakipokezana maji. Niliwamiminia mpaka mkono ukafa ganzi.

Nzioka alinipigia tena majuzi, mvua ikiwa imenyesha wiki tatu. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua kama aogope ama acheke. "Dada, kuna kitu imeota kwa kaburi. Nilidhani ni magugu, kumbe ni mipera. Kama kumi hivi. Imetoka kwa ile mizizi tulikata. Ni wewe umepanda?"

Nikasema si mimi.

"Basi nifanye nini, niing'oe?"

"Imesimama kwa mstari?"

Nikamsikia akitembea, nyasi zenye maji zikisuguana na suruali yake, kisha akasimama. "Hapana," akasema. "Imezagaa tu."

"Basi iache," nikasema. "Ni ndege."